Waliokwenda Kuipima Theluji ya Rwenzori

Richard Kandt hakuja Rwanda kujenga mji. Daktari huyo wa Kijerumani aliondoka pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1897 akiwa na swali lililowakosesha usingizi wasomi wa Ulaya kwa muda mrefu: Nile inaanzia wapi? Mwaka 1898 aliingia msitu wa Nyungwe akiufuata mto Rukarara, ambao maji yake huishia Nyabarongo, akapanda nao mpaka ukawa mchirizi tu kwenye majani. Akasema hapa ndipo. Miaka tisa baadaye, mwaka 1907, akiwa sasa mtumishi wa serikali ya Kijerumani, alichagua kilima cha Nyarugenge kuwa kituo cha utawala. Ndivyo Kigali ilivyoanza.

Kwa hiyo mkazi wa Rebero anayetazama bonde la Nyabarongo kutoka kilima chake cha kusini mwa jiji anaishi, apende asipende, katika mji ulioanzishwa na mtafuta chemchemi. Hapo Rebero hakuna barafu ila ile ya kwenye jokofu. Lakini maji yanayopita huko bondeni yana safari ndefu. Yanaingia Akagera, kisha Ziwa Victoria, yanatoka Jinja, yanapita Ziwa Kyoga, yanaporomoka Murchison na kuingia Ziwa Albert upande wa kaskazini. Upande wa kusini wa ziwa hilohilo unaingia mto Semliki, nao umebeba maji ya safu ya milima iliyo mpakani mwa Uganda na Kongo, kaskazini kidogo tu mwa ikweta: Rwenzori. Huko juu ndiko kuna barafu iliyo karibu zaidi na Kigali, na ndiyo inayokwisha.

Habari za theluji hiyo ni za kale kuliko ramani yoyote ya sehemu hizi. Katika karne ya 2, Ptolemy wa Aleksandria aliandika juu ya Milima ya Mwezi ambayo theluji yake hulisha maziwa ya Nile. Nyuma ya maandishi hayo kuna kisa cha mfanyabiashara Diogenes, aliyesemekana kufika Rhapta, bandari ya pwani yetu iliyopotea, kisha kutembea siku 25 kwenda bara mpaka karibu na maziwa mawili makubwa na milima ya theluji. Kama alikwenda mwenyewe au alisimuliwa na wafanyabiashara wa bandarini, wanahistoria wanaendelea kubishana. Mimi naelekea kwa wanaosema alisimuliwa. Siku 25 kwa miguu hazikufikishi huko, hata ukipanda punda.

Henry Morton Stanley alipita karibu na safu hiyo mwanzoni mwa 1876 asione theluji. Mawingu ya Rwenzori hayana haraka ya kuondoka. Aliporudi mwaka 1888, wenzake wawili, Jephson na Parke, waliiona kabla yake mwezi Aprili. Yeye mwenyewe aliona tarehe 24 Mei, na aliyemwonyesha alikuwa mvulana wa msafara wake, aliyemwambia kuna mlima kule umefunikwa chumvi. Si maelezo mabaya katika sehemu zenye ziwa la chumvi la Katwe. Mwaka uliofuata, Luteni Stairs wa msafara huohuo alipanda kiasi cha mita 3,250, akashindwa na mabonde na baridi, akarudi chini.

Waliokuwa wakiijua theluji hiyo muda wote ni Bakonzo, watu wa miteremko. Kwao theluji ni Nzururu, na katika imani yao ndiye baba wa Kitasamba, mwenye mlima. Mkonzo alipanda kuwinda, akapita mianzi, akapita misitu ya miti ya heather yenye ndevu za kuvu, akafika kwenye lobelia ndefu kuliko mtu, na hapo hakuwa na sababu ya kuendelea. Juu ya hapo hapakuwa na mnyama wa kuwinda wala kuni za kuota. Njia zote zilizotumiwa na wageni waliofuata zilianzia kwenye vijia vya wawindaji hao.

Mgeni aliyebadilisha mambo alikuja mwaka 1906. Luigi Amedeo, Duke wa Abruzzi, alishuka Mombasa, akapanda treni mpaka Ziwa Victoria, akavuka kwa meli hadi Entebbe, kisha akatembea na msafara mkubwa hadi Fort Portal na kuingia bonde la Mubuku. Alikuwa na waongozaji wa milima ya Alps kutoka Courmayeur, daktari, mwanajiolojia, na mpiga picha Vittorio Sella. Kambi yao kubwa ilikuwa Bujongolo, chini ya jabali linaloning'inia, na mizigo ya kufika huko ilikuwa migongoni mwa Bakonzo. Tarehe 18 Juni 1906 alisimama juu ya kilele cha mita 5,109, akakipa jina la Margherita, malkia wa nchi yake. Kilele jirani akakiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Milima mingine akaigawia majina ya wasafiri: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi, na wa sita ukapewa jina lake mwenyewe. Hakuna hata mmoja uliopata jina la mpagazi.

Majina hayo hayatusaidii sana. Kilichotusaidia ni sanduku la Sella. Alikuwa akipiga picha kwa kamera nzito yenye vioo, akingoja mawingu yafunguke, na picha zake ni kali kiasi kwamba unaweza kuhesabu nyufa kwenye barafu. Hakupiga ili wajukuu wapime chochote. Alipiga kwa sababu milima ilikuwa mizuri. Lakini kwa kuchanganya picha hizo na ramani za msafara, watafiti waliokuja baadaye waliweza kukadiria kwamba mwaka 1906 Rwenzori ilikuwa na barafu ya kilomita za mraba 6.5 hivi. Takwimu hiyo ndiyo msingi wa karibu kila kilichosemwa tangu hapo.

Mwaka 1908, wakati picha hizo bado ni mpya, upande wetu ulipata msiba wake. Msafara wa Adolf Friedrich wa Mecklenburg ulikuwa ukizunguka Rwanda na volkano za Virunga, na mwanajiolojia wake, Egon Kirschstein, alikuwa akifanya kazi kwenye Karisimbi, mlima wa mita 4,507 usio na barafu ya kudumu. Dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliwakuta njiani. Wapagazi 20 walikufa kwa baridi, katika nchi ambayo msomaji wa Ulaya aliidhania kuwa ya jua tu. Vitabu vya msafara vinataja idadi yao.

Baada ya hapo historia ya upimaji inakwenda kwa vipande. Mwaka 1932 Wabelgiji, wakiongozwa na Xavier de Grunne, walipanda kutoka upande wa Kongo wakiwa na wataalamu wa mimea, miamba na barafu. Kisha ikaja zamu ya Makerere. Mwishoni mwa miaka ya 1950 walimu wa chuo hicho, miongoni mwao J. B. Whittow, walianza kupanda na vijana wao kupima barafu kwa utaratibu, na matokeo yalichapishwa mwaka 1963. Henry Osmaston, ofisa wa misitu wa Uganda, aliijua milima hiyo pengine kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake, na baadaye aliandika pamoja na Georg Kaser wa Innsbruck kitabu juu ya barafu za tropiki.

Namna walivyopima inaeleweka na mtu yeyote aliyewahi kuchimba msingi wa nyumba. Unafika kwenye ncha ya barafu, pale inapoishia na mwamba kuanza. Unachagua jiwe kubwa lisiloweza kuviringika, unapaka rangi alama na mwaka, kisha unavuta utepe kutoka kwenye jiwe hadi kwenye ncha kwa kufuata uelekeo wa dira ulioandikwa daftarini. Ukirudi mwaka mwingine, unavuta tena kwa uelekeo uleule. Umbali ukiongezeka, barafu imerudi nyuma. Kujua imepungua unene kiasi gani, unatoboa shimo ndani ya barafu na kusimika mti, halafu unasubiri. Sehemu ya mti inayojitokeza baada ya miezi ndiyo barafu iliyokwenda. Ugumu wa Rwenzori hauko kwenye hesabu. Uko kwenye kufika: siku kadhaa za matope, kinamasi cha Bujuku kinachomeza buti za mpira hadi magotini, mvua isiyokoma, na asubuhi chache za kuona mbele. Mti uliousimika kwa taabu unaweza kuanguka kabla hujarudi, na rangi kwenye jiwe hufunikwa na kuvu.

Ndiyo maana Mlima Kenya una kumbukumbu nzuri zaidi. Barafu ya Lewis ilichorwa ramani mwaka 1934, na kuanzia miaka ya 1970 Stefan Hastenrath wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliifuatilia mwaka hadi mwaka hadi miaka ya 1990. Kilimanjaro nayo ilipata kituo cha hali ya hewa mwaka 2000, mwaka ambao Lonnie Thompson na kundi lake walitoboa barafu ya Kibo na kutoa mihimili sita ya kusoma hali ya hewa ya kale. Rwenzori haikupata mtu wa kuishi nayo namna hiyo. Na ilipokaribia kumpata, ikaja vita.

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Rwenzori ilitangazwa mwaka 1991 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994. Miaka mitatu baadaye waasi wa ADF walikuwa wamejificha milimani humo, wakishuka kuua na kuteka watu wa Kasese na Bundibugyo. Hifadhi ikafungwa mwaka 1997, ikafunguliwa tena 2001. Kwa miaka hiyo hakuna aliyepanda na utepe. Waongozaji wa Bakonzo, ambao tangu 1987 walikuwa na kampuni yao ya jamii ya kupandisha wageni, walirudi mashambani. Barafu iliendelea kuyeyuka bila shahidi wa ardhini.

Shahidi alikuwa angani. Setilaiti za Landsat zilikuwa zikipita juu ya Rwenzori muda wote huo, zikipiga picha hasa za mawingu. Richard Taylor wa chuo cha UCL cha London, pamoja na wenzake wa Makerere na wa idara ya maji ya Uganda, walichambua picha hizo kutafuta chache zilizo wazi. Hata ukiipata picha nzuri kuna mtego: theluji iliyoanguka usiku hung'aa sawa na barafu ya miaka mia, na ukikosea unahesabu barafu isiyokuwepo. Kwa hiyo walitumia namna theluji inavyorudisha mwanga wa aina fulani na kumeza mwingine, wakalinganisha na walichokiona kwa macho walipopanda hadi barafu za Speke na Elena baada ya hifadhi kufunguliwa. Matokeo yalitoka mwaka 2006, karne moja kamili tangu Duke wa Abruzzi. Mwaka 1987 zilikuwa zimebaki kilomita za mraba 2 hivi. Mwaka 2003 haikufika hata moja: 0.96. Walisema barafu yote ingeweza kutoweka ndani ya miongo miwili.

Hapo ukazuka ubishi, na ni ubishi mzuri ambao magazeti yaliupita haraka mno. Taylor na wenzake walisema sababu ni joto, lililopanda kiasi cha nusu digrii kila muongo tangu miaka ya 1960. Wataalamu wa Innsbruck, Thomas Mölg na Kaser miongoni mwao, wakajibu: ngojeni kidogo. Barafu ya tropiki haiishi kwa ubaridi peke yake, inaishi pia kwa mawingu na theluji mpya. Mwishoni mwa karne ya 19 Afrika Mashariki ilikauka, maziwa yakashuka, mawingu yakapungua, na jua likapata nafasi ya kuipiga barafu iliyo wazi. Theluji mpya ni nyeupe na hurudisha mwanga; barafu kuukuu yenye vumbi huumeza. Tena, wakauliza, hilo joto mmelipima wapi, ikiwa hakuna kipimajoto hata kimoja huko juu?

Swali la mwisho lilikuwa la haki. Mwaka huohuo wa 2006, kwa ushirikiano wa Waitalia na Waganda, kituo cha hali ya hewa kinachojiendesha kilisimikwa karibu na barafu ya Elena.

Wakati huo wengine walikuwa wakitafuta jibu chini ya maji. Barafu inayosonga husaga mwamba kuwa unga laini sana, unga huo hushuka na vijito na kutua chini ya maziwa ya mlimani, tabaka juu ya tabaka. Barafu ikirudi nyuma, unga hupungua na masalia ya mimea huongezeka. James Russell wa Chuo Kikuu cha Brown, Hilde Eggermont na wenzao walizamisha mirija kwenye maziwa hayo, wakapandisha tope, wakalipima umri. Waliyoyachapisha mwaka 2009 yaliwapa pande zote mbili cha kutafakari: barafu ya Rwenzori ilianza kurudi nyuma kiasi cha mwaka 1870, wakati maziwa ya ukanda huu nayo yakishuka. Yaani Stanley alipoonyeshwa mlima wa chumvi, ulikuwa tayari unapungua. Ukame ulianza kazi. Joto la karne ya 20 na hii ya 21 limeinyima barafu nafasi ya kupumua. Ndivyo ninavyousoma ushahidi wote ukiwekwa pamoja, na sioni kwamba upande wowote ulishindwa.

Kuna jambo jingine ambalo Taylor na wenzake walilipima na ambalo halipendwi na waandishi wa habari za maafa. Walitaka kujua mto Mubuku unategemea barafu kiasi gani. Jibu: chini ya mlima, maji yatokanayo na kuyeyuka hayafiki hata asilimia 2. Mito ya Rwenzori ni mvua, misitu na vinamasi, ambavyo hunywa mvua na kuiachia polepole. Mkulima wa Kasese hataamka siku moja akute mto umekauka kwa sababu Margherita imekuwa jiwe tupu. Kinachostahili kumtia hofu ni moto, kama ule uliounguza nyanda za juu mwaka 2012, na mafuriko, kama ya mto Nyamwamba yaliyoibomoa Kilembe Mei 2013. Mimi nadhani tungeilinda Rwenzori vizuri zaidi kama tungeacha kuiita tangi la maji lililogandishwa. Barafu yake ni rekodi ya hali ya hewa, na kwa Bakonzo ni makao ya kitu kitakatifu. Hayo yanatosha kuihuzunikia.

Miaka ya karibuni vifaa vimebadilika. Project Pressure, shirika lililoanzishwa na mpiga picha wa Denmark Klaus Thymann, lilipiga tena picha za Rwenzori kutoka sehemu zilezile za picha za zamani, kisha likarudi na droni mwaka 2020, 2022 na 2024, likishirikiana na Makerere, mamlaka ya wanyamapori ya Uganda na UNESCO. Droni hupiga mamia ya picha zinazopandana, kompyuta ikazishona kuwa umbo la pande tatu la kilele, na rada huelekezwa chini kujua unene wa barafu. Mapema mwaka 2025, mwaka ambao Umoja wa Mataifa uliutenga kwa ajili ya barafu za dunia, matokeo yalitangazwa: kati ya 2020 na 2024 barafu ya Mlima Stanley ilipoteza asilimia 29.5 ya eneo lake. Mlima Speke na Mlima Baker haina tena barafu. Ile barafu ya Speke, iliyowekewa alama za rangi na kuvutiwa utepe na vizazi vya Makerere, imebaki kwenye madaftari.

Na Kigali? Kigali ina sehemu yake, nayo haihusu kupanda mlima. Oktoba 15, 2016, katika jiji hilihili, nchi karibu 200 zilikubali kupunguza gesi za HFC zinazotumika kwenye majokofu na viyoyozi, ambazo hushika joto mara maelfu kuliko kaboni dioksidi. Makubaliano hayo yanaitwa Marekebisho ya Kigali, na wataalamu wanakadiria yanaweza kuepusha hadi nusu digrii ya joto ifikapo mwisho wa karne. Na kaskazini, juu ya Mlima Mugogo, mita 2,590, kuna kituo cha Rwanda cha kupima gesi joto, kilichojengwa kwa ushirikiano na chuo cha MIT cha Marekani na kuongozwa kwa miaka ya mwanzo na Jimmy Gasore, Mnyarwanda aliyesomea huko, ambaye baadaye aliteuliwa waziri wa miundombinu. Mashine zake huvuta hewa mchana na usiku na kuhesabu kilichomo. Kabla yake, Afrika yote ya katikati ilikuwa karibu pengo tupu kwenye ramani ya vipimo hivyo.

Hakuna kati ya hayo litakaloiokoa barafu ya Stanley. Imebaki ndogo mno, na makadirio yanaipa miaka, si karne. Kazi ya juu sasa inahamia kwenye mawe. Meredith Kelly wa Chuo cha Dartmouth na wenzake wamekuwa wakikata vipande vya miamba kwenye matuta yaliyosukumwa na barafu kubwa ya zamani, kama yale ya Ziwa Mahoma, na kwa kupima chembe za berili zinazozalishwa na miale ya angani wanajua jiwe limekaa wazi kwa miaka mingapi. Matuta hayo yanasema barafu hiyo kubwa ya zamani ilianza kurudi nyuma miaka 20,000 hivi iliyopita. Na Bakonzo wanaoongoza wageni kwenda Margherita wamelazimika kubadili njia, kwa kuwa pale barafu ilipokuwa ngazi sasa wanafunga ngazi za chuma.